Tarehe 14 imekuwa 13

Leo mteja wetu aliyeko New York kapiga simu, kakasirika kweli: "Mwanangu kazaliwa tarehe 14 Mei, mfumo wenu unasema 13!"

Huku Dar tunaona 14. Tukabishana weee.

Kumbe ni JavaScript, lugha ya programu tunayotumia. Ukiipa "2019-05-14" tupu, bila saa, inaihesabu kama saa sita kamili usiku ya UTC (saa rasmi ya dunia).

Kwetu hiyo ni saa tisa usiku, tarehe ileile. New York bado ni saa mbili usiku ya jana yake.

Kinachoniudhi: ukiongeza "T00:00" tu (yaani saa sita usiku), inafuata saa za mahali ulipo! Nani alipanga hivi jamani?

Nyie tarehe za kuzaliwa mnazihifadhije? Mimi naelekea kuziacha maandishi matupu.