Pikapu inapoteza nguvu halafu inarudi yenyewe: nilivyousaka ugonjwa hadi nikaukuta

Gari yenyewe ni pikapu ya zamani ya dizeli, pampu yake ya mafuta ni ya mekaniki, haina turbo, haina kompyuta wala taa ya kukuonya, kwa hiyo habari ya kuchomeka mashine isome makosa sahau kabisa. Ugonjwa wake ulikuwa hivi, unatembea vizuri tu na gari inavuta, halafu ukikutana na mlima au ukiwa na mzigo inaanza kulegea taratibu, unakanyaga mafuta hadi mwisho na yenyewe ndo kwanza inashuka, ya nne, ya tatu, ya pili, unapanda kwa kutambaa huku walioko nyuma wanakupigia honi. Ukipaki pembeni ukazima kama dakika kumi ukiwasha inaondoka fresh. Ukifika gereji nayo inapiga resi safi mbele ya fundi na wewe unaonekana mzushi.

Majibu niliyapata mengi. Mmoja akasema pampu, tuishushe ikapimwe. Mwingine nozo, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Mwingine akaniambia "bosi, hiyo injini imechoka, anza kutafuta nyingine." Sasa mimi nikajiuliza, injini iliyochoka inapumzika dakika kumi inapona vipi? Ringi za pistoni zikilika zimelika, kompresheni, yani ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, haiendi likizo ikarudi. Na pampu iliyolika ndani huwa inasumbua kuwaka injini ikiwa ya moto, maana dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi inavujia humo humo ndani, wakati ya kwangu ikiwa ya moto unagusa tu ufunguo imewaka. Kwa hiyo nikasema hakuna kushusha kitu chochote hadi nijue shida iko upande gani.

Kitu cha kwanza nilichokiangalia ni moshi, na hiki ni cha bure kabisa. Nilimwomba jamaa anifuate nyuma na gari yake, nikapanda mlima na mzigo, nikamwambia aangalie bomba tu. Dizeli ikikosa nguvu huku inatoa moshi mweusi maana yake mafuta yapo ila hewa haitoshi, hapo unatafuta ea filta, mpira wa hewa uliojikunja na vitu vya namna hiyo. Ikikosa nguvu na bomba liko safi, basi mafuta hayafiki ya kutosha. Jamaa akasema hakuna moshi, hata ule kidogo wa kawaida wa kupanda mlima ulipotea gari ilipoanza kulegea. Hapo nikajua nafuata mafuta.

Kabla ya kuendelea nikaondoa vile vya kipuuzi maana vinaweza kukuaibisha. Mtu akakanyaga pedeli hadi chini mimi nikiwa kwenye boneti naangalia kama waya wa mafuta unavuta mkono wa pampu hadi unagonga skrubu ya mwisho, ukagonga. Nikashika rimu zote baada ya kutembea kuona kama kuna breki inayong'ang'ania, zote joto la kawaida. Mfuniko wa tangi nao nikaujaribu, ukiziba pale pa kupitisha hewa tangi linajinyonga lenyewe, ukiufungua unasikia fyuuu na gari inapata nafuu. Nikapanda mlima nimeulegeza, hakuna tofauti.

Kilichosaidia zaidi ni dumu. Unachomoa mpira wa kuleta mafuta na ule wa kurudisha, unaiunganisha injini kwenye dumu safi la dizeli, halafu unaenda kupanda mlima ule ule. Ikiponyoka na nguvu zake shida iko nyuma, yani tangi, paipu au mipira, ikilegea vile vile shida iko mbele. Huo mpira wa kurudisha watu wanausahau, pampu ya hivi inarudisha mafuta mengi, usipouingiza kwenye dumu litaisha haraka unavuta upepo na unaanza kuhangaika na ugonjwa mwingine. Dumu nililifunga kwa kamba kwenye bodi nyuma, mipira nikaipitisha mbali na ekzosi. Na hii ni ya dizeli tu, mwenye petroli asiiguse.

Gari ikapanda. Nikarudia na mzigo, ikapanda.

Nikadhani nimemaliza lakini fundi mmoja mzee akanikatalia, akasema dumu lako liko juu kuliko pampu, mafuta yanashuka yenyewe, hata pampu iliyochoka kuvuta ingefanya kazi hapo. Aisee alikuwa na hoja. Pampu za aina hii nyingi zinavuta zenyewe kutoka kwenye tangi, hakuna pampu nyingine ya kuzisukumia, kwa hiyo ukizisaidia kwa kimo unakuwa umeficha udhaifu wao. Hapo ndo tukaweka geji ya vakyumu, yani ya kupima pampu inavuta kwa nguvu kiasi gani, tukaiunga kwa kiungo cha njia tatu kati ya filta na pampu, tukaipitisha dirishani nikawa naiona nikiendesha.

Geji ilimaliza ubishi wote. Kwenye sailensa, yani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mshale umekaa karibu na sifuri. Barabara ya tambarare unainuka kidogo unatulia. Mlimani ukaanza kupanda na nguvu ikaanza kushuka, vinaenda pamoja kabisa, mshale juu gari chini, na nilipozima ukarudi sifuri. Sasa pampu ingekuwa ndo mbovu mshale ungebaki chini, maana haina nguvu ya kuvuta. Huu ulikuwa juu, maana yake pampu inavuta kweli kweli kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa, ila kuna kitu kimeziba. Tukahamisha geji kabla ya filta, mshale ukapanda vile vile, kwa hiyo filta nayo haina kesi. Na kwa kweli filta nilipoifungua mwanzoni ilikuwa safi mno kwa umri wake, watu wakasema unaona, mafuta yako masafi! Kumbe ilikuwa safi kwa sababu uchafu ulikuwa unazuiwa huko nyuma haufiki kwake.

Tukachomoa paipu ya kuvuta tukapuliza upepo kurudi kwenye tangi, presha ndogo, mfuniko wazi. Mwanzo ukagoma, halafu ghafla ukapita tukasikia tangi linachemka. Gari ikawa mpya siku kadhaa halafu ikarudi kule kule. Wengi wanaishia hapa, kila ikilegea wanapuliza, lakini mimi nilishachoka kuishi na kompresa.

Tukashusha tangi. Subiri mafuta yabaki kidogo, yamwage, chomoa betri, weka jeki ya kulipokea maana hata likiwa tupu ni zito na linayumba. Ukifungua kile kifuniko cha geji ya mafuta unatoka na paipu ya kuvuta, na mwisho wake kuna kichujio kidogo cha wavu. Wavu wenyewe ulikuwa hauonekani. Ulikuwa umevikwa ute mweusi, ukiugusa unateleza na unanyooka na kidole, ndani yake kuna magamba ya rangi iliyobanduka kwenye kuta za tangi. Ute ule unatokana na vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, maana maji ni mazito yanakaa chini na dizeli juu, na maji yanaingia kwa mvuke wa hewa unaogeuka matone tangi likikaa nusu tupu au kwa mafuta yenyewe kuja nayo. Mvuto ukiwa mkubwa ute unafyonzwa unaukumbatia wavu, ukizima unalegea na kudondoka, ndo ile dakika kumi ya kupona.

Fundi mmoja akashauri tuutoe wavu tuutupe, filta ya mbele itafanya kazi. Mimi nikakataa. Filta ya mbele unaibadilisha umesimama na spana moja, sawa, lakini gamba la rangi likishaingia kwenye paipu likakwama kwenye kona utalitafuta mpaka ukome. Tukaweka mpya, tangi tukalisuuza kwa dizeli mara nyingi hadi ikawa inatoka safi, tukalikausha, na baada ya kujaza nikaweka dawa ya kuua vijidudu vya dizeli.

Ukiweka hiyo dawa tembea na filta ya akiba ndani ya gari. Ute uliobaki kwenye paipu unakufa, unabanduka na kwenda mbele, filta ya kwanza iliziba mapema kabisa na ningekuwa sina nyingine ningelala njiani. Ya pili ikakaa. Geji niliiacha kwa muda nikawa naitupia jicho kila mlima, mshale haukuinuka tena kuliko ulivyokuwa tambarare, na sasa hivi namwaga maji ya chini ya filta kila nikifanya sevisi. Asubuhi bado inatoa moshi mweupe kidogo ikiwa ya baridi, hiyo nahisi ndo nozo kweli sasa, na safari hii wakisema nozo sitabisha.