Simu ya mama mkubwa
Makao ya wazee anamotunzwa mama mkubwa yalikuwa yakikusanya simu za wakazi kila jioni na kuzifungia kabatini, eti zisipotee, ilhali yeye husoma ujumbe wa wajukuu kwa maandishi yaliyokuzwa, nao humwandikia usiku. Nilimwandikia msimamizi kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 22, unalinda faragha na mawasiliano ya mtu popote anapoishi. Hofu yao kwamba wakazi wengine watapigwa picha bila ridhaa ina uzito, lakini dawa yake ni kanuni kuhusu kamera, si kumnyang'anya mtu mzima mali yake. Simu amerudishiwa, nywila ya intaneti bado tunaibishania.