Mhasibu akisema "tumelipa", omba risiti

Ndugu zangu wenye kampuni ndogo hapa Tabora, hili linaniuma. Juzi nilifungua faili la kampuni yetu ya kufungasha asali, nikataka kuona uthibitisho wa malipo ya TRA (mamlaka ya mapato) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Karatasi zimepangwa vizuri kabisa, ila nyingi ni bili zenye namba ya malipo tu, hazina risiti ya benki. Bili inaonyesha unachodaiwa, siyo kwamba umelipa!

Kodi ya mishahara mwisho tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani (fomu ya taarifa ya kodi) ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20 (kama umesajiliwa). Ikipita hapo, adhabu na riba zinaandikwa kwa jina la kampuni, si la mhasibu.

Ya NSSF ndiyo imeniuma zaidi. Dada anayejaza chupa amekatwa kila mwezi, lakini taarifa yake ya michango ina miezi mitupu. Hiyo ni pesa ya uzeeni ya mtu jamani.

Sasa taarifa ya benki naichukua mwenyewe, tunakaa na mhasibu tunalinganisha na daftari la fedha mstari kwa mstari. Na wafanyakazi nimewaambia kila mmoja aangalie michango yake NSSF, asingoje kuambiwa na ofisi.