Disleksia, unga na homuskuli ya jikoni

Watu huniuliza homuskuli, yaani kusomeshea watoto nyumbani, inaendaje na mtoto mwenye disleksia, ile shida ya kusoma na kuandika, halafu kuna mwingine anatambaa, aisee haiendi kwa kengele, sahau hiyo. Asubuhi akili ya huyu mkubwa bado iko freshi so tunaanza na kusoma hata kama vyombo vya jana vimejaa kwenye sinki. b na d zinamchanganya, kwa hivyo namwaga unga wa ngano kwenye sinia anaandika kwa kidole huku anatamka kwa sauti, baba, dada, baba, dada, na yule mdogo akifika tu sinia imepinduka unga uko hadi kwa nywele. Tunafagia tunaendelea.

Kiswahili kimetubeba sana, kinasomeka kilivyoandikwa, ukishika ba be bi bo bu umetoka. Kiingereza ndo balaa, though na tough zinafanana hivyo na hazitamkwi sawa, hapo akitupa kitabu hata mimi namwelewa.

Hesabu ni dukani. Namtuma mkate na maziwa, chenji anahesabu mwenyewe, na haibiwi huyo!

Shosho yake bado anasema ni uvivu, achapwe kidogo. Mama mkwe nampenda lakini hapo hapana, ubongo wa mtoto unashughulika na sauti na herufi kivingine tu. Kama uko Kenya na unashuku mtoto wako yuko hivi, anzia EARC iliyo karibu, hivyo vituo vya kupima watoto vipo tangu 1984, usikae kungoja ati "atachangamka tu".