Jinsi tulivyowaondoa mbu wa dengue katika nyumba yetu ya Tabata

Desemba inapokaribia, joto la Dar es Salaam hupanda hadi kuvuka nyuzi 30 mchana, usiku nao hautoi nafuu, na hapo ndipo matangazo ya afya huanza kupitishwa mtaani kwa kipaza sauti: kunyweni maji ya kutosha, msiwaache watoto juani, chemsheni maji ya kunywa, fyekeni nyasi, fukieni madimbwi. Nayaheshimu matangazo hayo, na mengi yake nayafuata. Hata hivyo, kwa upande wa homa ya dengue, ushauri wa nyasi na madimbwi ulitupotezea muda mrefu sana, na ninaandika haya kwa sababu bado nausikia ukirudiwa na watu ambao nyua zao zimejaa mapipa yasiyofunikwa.

Tunaishi Tabata, wapangaji kadhaa katika ua mmoja. Maji ya bomba hutoka kwa mgao, na wakati wa joto mgao hubana zaidi, kwa hiyo kila chumba huweka akiba yake katika mapipa, ndoo na madumu yaliyokatwa midomo, licha ya tangi la plastiki la mwenye nyumba. Mbu anayeeneza dengue, Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hana haja kubwa na mtaro wa barabarani. Hutafuta maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu, na sisi tulikuwa tumemwekea maji hayo kila mlangoni. Tena huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, hivyo chandarua, ambacho ni kinga kubwa dhidi ya malaria, hakimsaidii mtu anayepika uani saa kumi na moja jioni.

Mwaka 2019, dengue ilipoenea Dar es Salaam, nyumba yetu haikusalimika. Niliugua mimi pia: kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo vyote kuuma. Ushauri niliopewa na watu walionipenda ungeweza kuniua. Mmoja aliniletea diklofenaki kwa ajili ya viungo, mwingine aspirini, na wa tatu jagi la juisi ya majani ya mpapai akisema linatosha. Daktari wa zahanati alikuwa mkali kwa haki kabisa: mgonjwa anayeshukiwa kuwa na dengue hupewa parasetamoli na vinywaji vingi, lakini si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa maana dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Aliniambia pia nisidanganyike homa itakaposhuka, kwani siku hizo ndizo za hatari, na kwamba maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au pua, na kulegea kusiko kwa kawaida ni sababu za kukimbilia hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Nilipopona niliapa kwamba mbu hao wataondoka. Hatua ya kwanza haikuwa wazo langu. Mwenye nyumba alimleta kijana mwenye mashine ya kupuliza moshi, tukachangishana fedha ambazo hazikuwa ndogo kwa mfuko wa mpangaji, tukatoa watoto na vyakula nje, ua wote ukajaa moshi mzito. Jioni ile hapakuwa na mbu hata mmoja, na kila mtu alifurahi. Baada ya wiki moja hivi walirudi kama kawaida, na kijana naye akarudi kuomba malipo ya awamu ya pili. Nilikataa, na sababu niliieleza mbele ya wapangaji wote: moshi huua mbu anayeruka, lakini mayai na viluwiluwi vilivyomo kwenye mapipa hauvigusi, na katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa siku zipatazo kumi. Tulikuwa tumelipia wiki moja ya raha.

Tukaanza kumwaga maji. Hapo nako palikuwa na jambo ambalo tangazo halikulitaja. Bibi tunayepakana naye mlango aliniita akiwa amekasirika, akaniambia, "Mwanangu, pipa hili nimelimwaga na kulijaza upya, mbona wadudu wamo tena?" Mbu huyu hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hugandamana pale na kuvumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua, yai linabaki. Ukijaza tena, linaanguliwa. Tangu siku ile tunasugua mapipa kwa brashi ngumu na sabuni ya unga hadi ukingoni, kila wiki, kisha tunafunika mdomo kwa kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mfuniko uliopasuka hauna faida yoyote.

Mbu walipungua sana, lakini upande mmoja wa ua waliendelea kutuuma, na hapa ndipo nilipotumia mbinu ninayojivunia hadi leo. Nilichukua makopo ya rangi, nikayapaka rangi nyeusi ndani na nje, nikatoboa tundu dogo sehemu ya juu ili mvua isiyafurishe. Ndani nilizungushia kipande cha kanga kuukuu, nikatia maji yaliyolowekwa nyasi kavu hadi nusu, ili kitambaa kiwe na unyevu juu ya maji. Jike la mbu huvutiwa na chombo cheusi na harufu ya nyasi zilizolowa, akaja kutaga kwenye kitambaa. Gharama yote ilikuwa elfu chache, sehemu kubwa ikiwa ni rangi. Niliyaweka makopo katika kila pembe, ili mayai yanionyeshe mbu wanazaliana upande gani, na kabla wiki haijaisha nilitoa vitambaa na kuvitazama juani kwa kamera ya simu. Karibu na tangi, hakuna kitu. Karibu na choo, vitone vichache vyeusi. Chini ya ukuta wa nyuma, kitambaa kilikuwa kimejaa mayai kama masizi ya sufuria. Vitambaa nilivimwagia maji yanayochemka, na maji ya makopo niliyamwaga kwenye ardhi kavu. Ni lazima kufanya hivyo kwa wakati, kwa sababu mtego uliosahauliwa hugeuka kuwa zalio jipya.

Nilizunguka ule ukuta wa nyuma kwa muda mrefu bila kuona chombo chochote. Hatimaye nilipanda ngazi. Juu ya ukuta mwenye nyumba alipandikiza chupa zilizovunjwa ili kuwazuia wezi, na vitako vya chupa nyingi vilikuwa vimebaki vizima, vikihifadhi maji ya mvua za mwisho za vuli. Kila kitako kilikuwa na viluwiluwi wakicheza. Hakuna tangazo, wala mfyekaji nyasi, wala mashine ya moshi ambayo ingefika pale. Tulijaza vitako vyote mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, kazi ya asubuhi moja, na makopo yangu ya upande ule yakaanza kutoka na vitambaa safi.

Mbu huyu kwa kawaida hasafiri mbali na alipozaliwa, kwa hiyo ua mmoja ukisafishwa watu wake huona tofauti. Lakini mita chache zikitutenganisha na jirani mwenye matairi ya zamani yanayotuamisha maji, juhudi hupungua nguvu. Nimemwomba mjumbe wetu apeleke jambo hili kwa afisa afya wa kata, tangazo la msimu huu litaje mapipa, kusugua na chupa za ukutani kabla ya nyasi. Nimeomba pia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha ifike kwenye mitaa yenye matangi makubwa yasiyoweza kumwagwa kila wiki. Wakati tukisubiri jibu, makopo mawili ninayo ya akiba, na jirani wa matairi amekubali kuyapokea Jumamosi, mradi nimwonyeshe namna ya kufunga kitambaa.