Kipande kimoja cha leso

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, mara nikasikia kifuniko cha sanduku la Bibi kikilia chumbani. Binti yangu alikuwa anatafuta leso ya kwenda nayo shuleni, wana siku yao ya utamaduni. Akaja jikoni amekikumbatia kile kipande cha buluu chenye pindo jeupe, akanisomea jina lake kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu siku hizi: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Halafu akauliza:

"Mama, na mwenzake yuko wapi?"

Leso haiuzwi kipande. Unanunua pea nzima, unaikata na kuipinda mwenyewe, kimoja cha kiunoni na kimoja cha kichwani. Kipande kilichobaki peke yake sandukuni lazima kina habari yake. Nikamwambia mwenzake alipewa Kusi. Mkono ukaniganda na nazi yangu nusu.

Kusi alitujia Juni ya mwaka 1999. Bahari ilikuwa imechafuka kwa upepo wa kusi, wavuvi wameziburura ngalawa zao mchangani, na chini ya moja kulikuwa na kijibwa cha rangi ya mchanga kinatetemeka. "Huyu kaja na kusi," Bibi akasema, na jina likawa hilo. Lakini mbele za watu Bibi hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Mlinzi. Sisi ni watu wa msikiti, na wanaotujua wanamjua Bibi na udhu wake. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake, basi Kusi akawa wa ulinzi. Makao yake uani, chini ya mwarobaini, juu ya gunia. Sufuria yake, ile isiyo na kishikio, ilitundikwa msumarini kwenye banda la kuku ili isije ikachanganyika na zetu.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini sima yake ya vichwa vya samaki Bibi aliipoza kwa kipepeo, asije akaungua ulimi. Baada ya Magharibi, Kusi alikuja akalala mlangoni, kidevu juu ya ukingo wa nje wa kizingiti, pua isivuke hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha, nijuavyo mimi. Na usiku, wakidhani nimelala, nilimsikia Bibi dirishani akimpa habari za mchana: nani kaja, bei ya unga imefika wapi, Babu angekuwa hai angesema nini. Asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlinzi kala?" Mimi niliulizwa baadaye.

Masika ya mwaka 2003 yalikuja na kupe wengi. Nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule likizo ya Aprili. Kusi akaacha kula. Siku ya tatu mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya mkandaa. Nikamfunua mdomo, ufizi umekuwa mweupe kama chokaa. Jirani mmoja aliyewahi kufuga ng'ombe akamwangalia mara moja tu: "Hiyo ni homa ya kupe. Damu yake inaliwa. Mkingoja hadi kesho, msijisumbue."

Daktari wa mifugo tuliyemjua alikuwa kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri. Bibi alikuwa bado kwenye mkeka wa Alfajiri. Akafungua fundo la pindo lake, akanipa pesa zote zilizokuwamo bila kuzihesabu. "Mpeleke," akasema. Hakuongeza neno. Nikatoka uani nikavuta leso ya kwanza niliyoiona kambani, kwa vile nje kulikuwa bado na giza.

Makanga wa kwanza wa matatu alikataa, na wa pili pia. Wa tatu hakusimama kabisa. Basi nikafanya alichokuwa akifanya mama yangu kwa wadogo zangu: nikainama, nikamlaza Kusi mgongoni, nikampitishia leso, nikaifunga fundo kifuani. Mbwa mzima, lakini siku tatu zilikuwa zimemfanya mwepesi. Nikatoka kwetu Timbwani kwa miguu na mvua ya manyunyu, nikampandisha kila alipoteleza, na pumzi yake ya moto ikawa inanipiga shingoni, haraka haraka, fupi fupi.

Feri ya asubuhi wanaoivuka wanaijua. Waenda kwa miguu hatulipi, na lango likifunguliwa hakuna wa kusema pole. Nikabebwa na watu hadi ndani, wafanyakazi wa bandarini, mama wa mboga na beseni zao, watoto wa shule za bweni na masanduku ya bati. Nikapata nafasi pembeni kwenye vyuma, uso kuelekea majini. Hakuna aliyenitazama. Msichana mwenye mtoto mgongoni, kwenye feri ya Likoni, ni nani wa kumtazama?

Ndipo mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa upole, "Dada, mwanao anateleza," na kama wanavyofanya wanawake wote wa kwetu, hakungoja jibu. Akashika leso apate kumwinua mtoto.

Kilio chake nakisikia hadi leo. Watu wakageuka. Wengine walidhani kuna mtu kaanguka majini. Sikio la Kusi lilikuwa limechomoza, na pua yake ilikuwa begani mwangu. Kwenye feri ambayo dakika moja nyuma haikuwa na nafasi ya kuweka mguu, pakafunguka uwanja. Sikujua watu wanaweza kujibana kiasi kile. Mmoja akasema, "Najisi hiyo, tunakwenda kazini!" Mwingine akasema kwa hofu ya kweli kwamba huyo ana kichaa, hamuoni udenda? Udenda ulikuwepo. Ulikuwa unanishuka ndani ya shingo ya gauni, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaza: moja, mbili, tatu, hadi saba, na udongo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitamani maji yanimeze.

Na feri haikuondoka. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, na feri lazima iipishe. Tukangoja mlango wa chuma ukiwa umeshainuliwa, hakuna wa kushuka wala wa kupanda, na ile meli ikapita mbele yetu taratibu, kama mtaa mzima unahama. Nikahesabu pumzi za Kusi. Nilifika arobaini na kitu, kisha ikaja moja iliyochelewa. Nikaingoja. Ilipokuja, nikaanza upya.

"Ana kiu huyo."

Alikuwa mzee mwenye mkokoteni wa madafu, kofia ya vito kichwani, panga mkononi. Alikuwa wa pekee ambaye hakusogea, labda kwa sababu mkokoteni hausogei kirahisi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akauliza, "Wamwitaje?" Nikasema Kusi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa ukoo anaoufahamu. Akachagua dafu, akalipiga panga tatu, akanywa funda moja mwenyewe ili lisimwagike, kisha akalipasua kando, likawa kibakuli.

"Chutama, mwanangu. Mlegeze kidogo."

Nikachutama. Nikalegeza fundo, Kusi akashuka mapajani mwangu, na yule mzee akakisogeza kibakuli chini ya pua yake, vidole vyake vikiwa mbali na mdomo, kwa adabu, kama anayempa mgeni maji ya kunawa. Kusi hakunywa. Mzee hakukiondoa. Akangoja vile vile, mkono umenyooka, mishipa imemtoka, na ile meli inapita. Kisha ulimi ukatoka. Ulikuwa mweupe. Ukagusa maji mara moja, ukarudi ndani. Ukatoka tena. Halafu nikasikia ile sauti, lap, lap, lap, ndogo sana, na nadhani kila mtu aliisikia, maana hata wale waliokuwa wakisema walikuwa wamenyamaza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesema: "Mzee, wewe na kofia yako hiyo?"

Mzee hakuinua uso. "Yule wa kisimani alimtekea kwa kiatu chake," akasema. "Mimi nina dafu."

Waliopita chuoni kusoma Kurani hawakuhitaji kuelezwa. Mimi pia ustadhi alinisomesha habari ya yule msafiri aliyeshuka kisimani kwa kiu, alipotoka akamkuta mbwa anakula tope kwa kiu ile ile, akashuka tena, akajaza kiatu maji akakibana kwa meno, akapanda akamnywesha. Mungu akamsamehe dhambi zake. Niliisoma, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Sikuwahi kuwaza kwamba yule mbwa alikuwa na pua.

Feri ikaanza kutembea. Mzee akalitupa lile dafu baharini, akajifutia mikono kwenye magunia yake. Nilipotaka kumpa pesa akanikunjia uso. Na nilipoinama kumrudisha Kusi mgongoni peke yangu, nikashindwa, mikono ilikuwa inatetemeka. Yule mwanamke aliyepiga kelele akaja. Hakumgusa Kusi. Akashika ncha mbili za leso kwa ncha za vidole vyake, akazivuta juu, akazileta kifuani kwangu, akanifungia fundo. Fundo la mama mwenye watoto wengi, halikulegea hadi kwa daktari.

Kwa daktari hakukuwa na mengi. Tone la damu kwenye kioo, hadubini, sindano, chupa ya maji ikaning'inizwa msumarini. Akasema tusubiri hadi adhuhuri. Adhuhuri Kusi akainua kichwa. Alasiri tukarudi, na safari hii makanga mmoja alikubali, kwa nauli ya watu wawili.

Bibi alikuwa kwenye baraza. Nadhani alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, maana sufuria ya mchana ilikuwa haijaguswa. Akamtazama Kusi kwanza. Kisha akaitazama leso, na hapo ndipo na mimi nilipoitazama. Ilikuwa ya kusalia. Kipande chake cha kichwa, cha pea ambayo Babu alimnunulia Barabara ya Biashara mwaka aliofariki.

Sikugombezwa. Bibi aliichukua, akaenda uani, akachota udongo kandokando ya mwarobaini, akaukoroga na maji kwenye karai. Akaifua leso hapo. Akamwaga. Akaisuuza kwa maji safi, akamwaga, akihesabu kwa sauti nisikose kusikia: mbili, tatu. Maji tulikuwa tunanunua kwa mtungi wakati ule. Nne. Tano. Kusi amelala kwenye gunia lake, anamtazama. Sita. Saba. Akaikamua, akaianika, akaketi chini ya kamba kama anayelinda mtama.

Ilipokauka, jua lilikuwa linazama. Nilidhani ataivaa Magharibi. Akaitoa kambani, akainusa, akaikunja mara nne. Akaupita mlango, akaupita mkeka. Akaenda akaitandika juu ya gunia, akainyoosha kona zote nne, akasema, "Haya, Kusi." Kisha akaenda kutawadha.

Kusi aliilalia miaka mitano, hadi mwaka 2008, na tukamzika nayo. Bibi alimfuata miaka miwili baadaye. Jioni tulizokaa pamoja barazani baada ya siku ile ni nyingi mno, na sikumwuliza. Ya kumpa mbwa, ya nini kuifua mara saba? Pengine aliifua akiwa na nia ya kuisalia, kisha nia ikabadilika huku inakauka. Pengine haikubadilika. Nimelala na swali hilo usiku mwingi.

Binti yangu alisikiliza yote ameegemea mlango, ile leso kifuani. Akafikiri. Akasema:

"Kwa hivyo Kusi alikuwa najisi au hakuwa?"

Nikamwambia asogee. Nikamfunga leso kiunoni, nikaikunja juu mara mbili kwa sababu bado ni mfupi, nikarudi kwenye mbuzi yangu.