Kila Moja na Kofia Yake

Treni ya asubuhi ilinitoa Miritini saa mbili, na alasiri nilikuwa Syokimau nikingoja treni ndogo ya kuingia mjini Nairobi. Mimi nafundisha ufundi wa vyuma Likoni. Kazi yangu hasa ni mashine ya kukereza, na neno ninalowarudia vijana kila siku ya Mungu ni moja tu: pima. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Ruiru kwa dada yangu, lakini nilikuwa na langu moyoni. Tangu Rais Uhuru Kenyatta alipofungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, tarehe 8 Aprili 2021, wanafunzi wangu hawajaacha kuniuliza, "Mwalimu, kweli sisi tunaweza kutengeneza bunduki?" Nilitaka nifike Ruiru nikiwa na jibu, si kwa mdomo wa gazeti.

Nilishukia stesheni kuu. Karakana za reli ziko hapo jirani, na siwezi kupita karibu nazo bila kulikumbuka gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata liwe baya, hata liwe la mwendo wa kobe. Mafundi wa reli wakashikana mikono na wasomi, na mwaka 1990 magari yakaoneshwa watu Kasarani. Hayakuwa mabaya. Lakini hayakufika barabarani kuuzwa, kwa kuwa fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana. Kilichobaki ni Numerical Machining Complex, kampuni iliyoanzishwa 1994 kwenye eneo hilo hilo la karakana, yenye mashine za kuchonga vyuma zinazoongozwa kwa kompyuta. Watu wanalizungumzia gari lile kama aibu. Mimi nasema waliolitengeneza walifika mbali, kisha wakaachwa njiani.

Usiku ule nililala Majengo, Pumwani, kwa bibi mmoja wa ukoo wa mke wangu. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa chai ya tangawizi na mahamri, akaniuliza nimefuata nini. Nilipomwambia habari za bunduki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa bunduki zilitengenezwa zamani, mwanangu. Kwa mabomba ya maji."

Alikuwa mtoto wakati wa Operesheni Anvil, ilipoanza Aprili 24, 1954, na askari wa Mwingereza wakauzingira mji mzima na kuwakamata maelfu kwa maelfu. Mafundi wa Mau Mau walikuwa wakikata bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kipigio, na ukanda wa mpira wa tyubu ya gari ukawa wa kukivuta kipigio kirudi kwa nguvu. Mpini ulikuwa mti wowote mgumu. Unaingiza risasi moja, unafyatua, unaomba Mungu, maana bomba la maji halikuumbwa kuzuia moto wa baruti na mengine yalipasuka mikononi mwa wenyewe. Babake bibi alikuwa fundi bomba. Siku zile kupatikana na bunduki, hata risasi, kulikuwa kitanzi, na yule mzee akaogopa hata vipande vya bomba vilivyobaki kazini. "Alivitupa chooni vyote, usiku," bibi akasema. "Mama akamshikia taa."

Nililala nikiiwazia taa ile.

Asubuhi nilitembea hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Huko huhitaji kuulizia njia, nyundo zinakuita. Masanduku ya shule, majiko, toroli, masufuria ya kupikia watu mia, vingi vikitoka kwenye mapipa ya mafuta yaliyokatwa na kunyooshwa. Nilisimama kwa fundi mmoja wa makamo, nikamtazama akikunja ukingo wa bati kwa nyundo bila rula, bila chaki, jicho tupu, na mduara ukatoka mduara. Mikono ile ningeitamani.

Nikachukua kifuniko cha sufuria moja nikakiweka juu ya ya pili yake, mkono ule ule ulizitengeneza zote mbili. Hakikukaa.

"Hiyo si yake, mzee," akaniambia. "Kila moja na kofia yake."

Hapo ndipo nilipolipata jambo nililolifuata. Kwa sufuria hakuna neno. Bunduki za bomba nazo zilikuwa vivyo hivyo, kila moja na komeo lake. Ikiharibika, hukopi kipande kwa mwenzio. Lakini askari mia wakiwa mpakani, kipigio cha bunduki ya huyu lazima kiingie katika ya yule, usiku, bila tupa. Kwa hiyo kiwanda ni kipimo kwanza: tofauti ya sehemu ya mia ya milimita, kipande cha kwanza na cha elfu kumi vikiwa ndugu pacha. Mtutu wenyewe ni nondo ya feleji iliyotobolewa, ikachongwa ndani mistari ya kuzunguka ili risasi itoke ikijizungusha na isiyumbe. Jicho tupu halifiki huko, hata liwe jicho la Kamukunji.

Matatu ya Ruiru ilipita Pangani, Muthaiga, Githurai, kisha kambi ya Kahawa. Kiwanda sikukitafuta, si mahali pa kwenda kuchungulia. Ninachokijua ni kilichotangazwa: kiligharimu shilingi bilioni 4 na kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Risasi zinatengenezwa Eldoret tangu miaka ya 1990. Kisumu kuna karakana ya meli iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, iliyounda MV Uhuru II kwa msaada wa Waholanzi, na mimi mtu wa pwani habari ile ilinifurahisha kuliko zote. Magari ya deraya bado tunanunua. 118 ya aina ya Hızır tuliagiza kwa kampuni ya Katmerciler ya Uturuki. Silaumu. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa njiani yameua vijana wetu, na gari la kuwakinga halingoji tujifunze. Ila kila gari lililonunuliwa linahitaji vipuri miaka ishirini mbele, na vipuri ndivyo ninavyotaka wanafunzi wangu wavikereze.

Jioni kwa dada yangu, mwanawe anayesoma ufundi aliniletea bolti mbili kutoka gereji mbili tofauti. Nikabadilisha nati zake. Kila moja iliingia kwa mwenzake, laini kabisa.

"Zinashika," nikamwambia.

"Na chuma chenyewe, mjomba? Kimetoka wapi?"

Nikaisogeza bolti chini ya taa nisome chapa kichwani. Haikuwa ya kwetu.